Simba Mmoja, Nakala Tatu

Jumatatu, 28 Aprili

Nianze kwa kusema wazi, ili atakayelisoma daftari hili nikishaondoka duniani asihangaike kuuliza kwingine: elimu ya kaunti nzima ya Isiolo inanitegemea mimi, Dabasso, na pickup yangu. Wakubwa wa Nairobi hawajui. Siwalaumu, hawajawahi kupita barabara ya Merti wakati wa ganna, mvua zetu hizi ndefu.

Mambo yako hivi. Kabale, mtoto wa dada yangu, ni mwalimu wa gredi ya saba hapa mjini. Ameunda ushirika na walimu wawili, Abdiwali wa Merti na Mutwiri wa Kinna. Mmoja akitayarisha somo zuri, anafundisha, kisha anaandika pembeni: hapa watoto walikwama, hapa waliuliza swali ambalo sikulitegemea. Halafu andalio lile la somo linakwenda kwa mwenzake, naye anajaribu, anaongeza lake. Likirudi limejaa miandiko kama ukuta wa choo cha stendi. Mtandao wa Merti unakuja na kuondoka kama mgeni mwenye aibu, kwa hivyo karatasi zote zinasafiri ndani ya debe la biskuti chini ya kiti changu. Jumanne naenda Merti, Alhamisi Kinna.

Kabale anasema lengo ni watoto wafikiri kwa kina. Nikamwambia mimi nafikiri kwa kina tangu darasa la nne, ndiyo sababu niliacha shule.

Hakucheka. Shule imefunguliwa leo na ana kazi nyingi.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimefanya kazi.

Jumamosi, 3 Mei

Leo heshima imekuja yenyewe mpaka mlangoni. Kabale alifika na simu yake ya kurekodi, amefuatana na mwanafunzi wake Ikra, mjukuu wa Mzee Kotile mwenye ng'ombe wengi. Akaniambia, "Abuya, tunataka ile hadithi yako ya simba. Nataka kuiweka kwenye somo."

Mjini hapa hata wasio ndugu zangu huniita Abuya, yaani mjomba. Wote ni wapwa zangu kwa sababu ya hadithi ile. Nikakaa sawa, nikaitoa yote. Jinsi Ewaso Nyiro ilivyofurika ng'ambo ya Gotu, gari likazama mchangani na mbuzi nyuma. Jinsi simba dume alivyofungua mlango wa abiria (sijui alijifunza wapi), akakaa kando yangu, akapumua. Mimi sikutetemeka. Nilimsalimia kwa Kiborana, nikawasha redio, akasinzia. Nikalikwamua gari kwa mkono mmoja, mwingine nikimshikia kichwa kisigonge dashibodi. Tulipofika Merti akashuka bila hata kusema asante.

Kabale alikuwa anatabasamu. Ikra hakutabasamu. Ana macho kama ya daktari wa mifugo. Akaniuliza, "Abuya, huyo simba ulimwona kwa macho yako, ama ulisikia tu?"

Nikamwambia, "Kunywa chai, mtoto, inapoa."

Jumatatu, 5 Mei

Kabale amenipa flashi nikachapishe nakala za shule zote tatu kwa Farhiya wa saiba, duka la kompyuta. Kichwa cha karatasi: SIMBA WA ABUYA DABASSO. Nilisoma ukurasa wa kwanza nimesimama. Wa pili ulikuwa wa maswali, mambo ya walimu, sikujisumbua.

Lakini nilipofikiri kwa kina niliona kosa. Simba ni mmoja. Isiolo mmoja anatosha, watu wa mjini wanaogopa hata mbwa. Merti je? Merti mtoto wa miaka sita ameshamfukuza fisi. Watanicheka. Nikamwambia Farhiya, "Hapo kwenye nakala za Merti, weka wawili."

"Abuya, hii ni kazi ya Mwalimu Kabale. Ameruhusu?"

"Mwenye simba ni nani?"

Akaweka wawili. Kwa Kinna, ambako ni mbali na mto ule na hakuna wa kunibishia, tukaweka watatu, na nikawafunga kwa kamba ya mbuzi. Farhiya alikuwa anacheka mpaka akakosea herufi. Printa yake inatia mstari mweusi ukingoni mwa kila karatasi, lakini hadithi nzuri haiharibiwi na mstari.

Jumanne, 6 Mei

Mvua kutoka Ngaremara mpaka Gotu. Nimefika Merti na debe kavu. Mwalimu Abdiwali, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alipokea kwa mikono miwili.

Hotelini nikamkuta Mzee Kotile, amekuja kutoka Isiolo kumpokea aburu wake, yaani yule mtu anayetumwa mbele kutazama malisho kabla mifugo haijahamishwa. Kijana wa watu hata chai hajaonja, Kotile amemkaba:

"Nyasi uliziona ama uliambiwa?"

"Niliziona."

"Ulizishika? Zilikuwa urefu gani? Kinyesi ulichokuta ni cha ng'ombe wa nani, kibichi ama kikavu? Maji uliyaonja?"

"Maji... niliambiwa ni mazuri."

"Uliambiwa! Rudi. Rudi ukayaonje. Ng'ombe wangu hawanywi maneno."

Nilifurahi sana kuona kazi ikifanywa vizuri, ikiwa anayefanyiwa si mimi.

Alhamisi, 8 Mei

Kinna. Mwalimu Mutwiri, Mmeru mpole, nguo zimenyooka hata kwenye matope. Nimempa karatasi zake. Nimepewa papai.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua.

Jumatano, 14 Mei

Nimelala Merti kwa sababu barabara ilikatika, na asubuhi hii nikisubiri maji yapungue nimefanya jambo la kijinga. Nimefungua debe na kusoma ukurasa wa pili.

Maswali yenyewe ndiyo haya. Ni jambo gani katika hadithi linaweza kuwa kweli? Lipi haliwezi? Tungejuaje? Msimuliaji aliona, ama alisikia? Msimuliaji anapata faida gani tukimwamini?

Chini yake Abdiwali ameandika majibu ya watoto. "Simba wawili na dereva hawaenei kwenye kabini. Tulikwenda kupima gari la Mzee Arero." Walipima! Kwa utepe! "Mbuzi hawawezi kutulia simba akiwa karibu, hata akisinzia." Na mmoja, sijui ni mtoto wa nani, Mungu amlinde nisimjue: "Msimuliaji anajipenda."

Kwa hivyo hawakuniweka kwenye somo kama shujaa. Nimewekwa kama mbuzi wa kuchunwa. Kabale wangu, niliyembeba mabegani siku ya harusi ya mama yake mdogo!

Nilisimama pale ukingoni na debe mkononi. Ewaso Nyiro ilikuwa inapita nyekundu, inabeba miti mizima. Debe la biskuti lingekuwa nini kwake. Lakini pembeni mwa karatasi nyingine niliona Abdiwali ameandika kwa kalamu ya risasi: "Mtoto huyu hajawahi kusema neno darasani tangu Januari. Leo amesimama, ameuliza." Nikafunga kifuniko.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemkabidhi Kabale majibu ya Merti, na ya Kinna niliyoyachukua jana. Nikajifanya nakaza nati za gurudumu ili nimwone akisoma. Alisoma mara moja, akarudia, akaketi juu ya jiwe.

"Wawili?" akasema. "Watatu?"

Nati zilikuwa zimekaza zamani. Niliendelea kuzikaza.

Jumamosi, 17 Mei

Moto umewaka. Kabale alimpigia Mutwiri, Mutwiri akaapa kwamba hakugusa neno, na kwamba Abdiwali ndiye mwenye tabia hiyo, muhula uliopita aliongeza swali kwenye somo lake bila kuomba. Abdiwali alipanda kilima kutafuta mtandao, na sauti yake ilitoka kwenye simu mpaka kuku wakakimbia. "Mwambie Mutwiri asinifundishe adabu! Simba watatu wenye kamba ni wake, asinibambikie!" Mutwiri naye akatuma ujumbe: "Mimi sitoi tena kazi yangu ikachezewe. Nimetoka."

"Basi na mimi nimetoka," akasema Abdiwali.

Kabale aliweka simu chini taratibu, kama kitu kinachovunjika. "Mihula miwili, Abuya," akaniambia. "Mihula miwili nawasihi watu wafungue makabati yao. Mwalimu huficha andalio lake kama mke wa pili anavyoficha sukari. Hawa wawili walikuwa wamekubali."

Nikaingia chini ya gari kutafuta mafuta yanayovuja.

Jumanne, 20 Mei

Merti. Debe tupu.

Nimelibeba hivyo hivyo. Linapiga kelele barabara yote likiwa halina kitu.

Jumatano, 21 Mei

Sasa na Mzee Kotile. Yeye ndiye mwenyekiti wa bodi ya shule ya Kabale. Amelalamika kwamba mjukuu wake amekuwa na tabia mbaya nyumbani, kila kitu "umejuaje, umejuaje." Mzee alisema mvua itanyesha Alhamisi, akaulizwa umejuaje. Mke wake alisema jirani ni mchawi, akaulizwa umejuaje. Kotile anataka ile saa moja ya wiki ya masomo haya ifutwe. Kabale amemwomba aje Jumamosi aone somo kwa macho yake kwanza. Amewaita Abdiwali na Mutwiri pia, waje hata kama ni kwa kuaga.

Dada yangu anasema Kabale hali vizuri. Nimempelekea lile papai, limeiva kupita kiasi. Akanishukuru. Afadhali angenipiga.

Alhamisi, 22 Mei

Kinna. Debe tupu. Mvua haikunyesha.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika hii na mkono unauma, lakini lazima iandikwe na mtu aliyekuwepo.

Abdiwali nilimleta jana, safari nzima akiangalia nje. Mutwiri alifika asubuhi kwa pikipiki, matope mpaka masikioni, kwa mara ya kwanza nguo hazijanyooka. Walisalimiana kwa kidevu. Wanafunzi wa gredi ya saba walikuwa wameitwa ingawa ni Jumamosi, wamejaa madawati. Mzee Kotile alikaa mbele na fimbo yake katikati ya magoti. Mimi nilisimama nje, dirishani, kuangalia mawingu.

Kabale hajamaliza salamu, Mutwiri akainuka. "Samahani, Madam. Kabla ya somo, jina langu lisafishwe. Hii ndiyo karatasi niliyopokea." Akaiweka mezani. Simba watatu.

Abdiwali akachomoa yake kama upanga. "Na hii ni yangu!" Simba wawili.

Ya Kabale ilikuwa tayari ubaoni. Simba mmoja.

Mzee Kotile akacheka bila furaha. "Mnaona? Walimu wenyewe hawajui simba ni wangapi, na hawa ndio wanawafundisha watoto kutuuliza sisi."

Kabale aliangalia zile karatasi kwa muda. Nilimwona akikata shauri. Badala ya kuzificha akaziinua juu. "Darasa," akasema, "somo letu limebadilika. Nakala hizi zilipaswa kuwa sawa. Nani ana swali?"

Ikra akanyoosha mkono, akaomba kuzishika. Akazigeuza huku na huku, akazipeleka kwenye mwanga. Akasema, "Mwalimu, zote zina huu mstari mweusi pembeni. Hata yetu."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo mashine ni moja. Kama Mwalimu Abdiwali angebadilisha yake Merti, ama Mwalimu Mutwiri yake Kinna, mstari usingekuwepo. Zilibadilishwa hapa hapa Isiolo, kabla hazijafika kwao."

Abdiwali na Mutwiri walitazamana kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mvulana wa nyuma akadakia, "Mwalimu Kabale ndiye aliyechapisha!"

"Mimi nilituma mtu," akasema Kabale polepole.

Ikra hakuwa amemaliza. "Lile swali letu la mwisho linauliza habari ya faida. Hapa simba wakiongezeka walimu hawapati kitu. Anayezidi kuwa mkubwa kila nakala ni mtu mmoja."

Vichwa vyote vikageukia dirishani. Niseme ukweli, mawingu yalikuwa mazuri sana leo, lakini hakuna aliyeyatazama.

"Abuya," akasema Kabale, "ingia."

Nimeingia katika mito na mapori, lakini mlango ule ulikuwa mwembamba. Nikaanza, "Printa ya Farhiya ina jini. Kila mtu anajua. Inazidisha vitu..."

"Abuya," akasema Ikra, kwa adabu kabisa, "hilo jini uliliona kwa macho yako, ama ulisikia?"

Fimbo ya Kotile ikapiga sakafu. "Ikra! Huyo ni mkubwa wako! Kaa chini!" Akamgeukia Kabale. "Umeona? Umeona sasa mmefika wapi? Mtu mzima anahojiwa kama mwizi wa kuku. Saa hii ifungwe leo. Dabasso, kaa, bwana. Mletee mzee kiti."

Kiti kikaletwa. Nani angejua kwamba ukombozi wangu ungetoka kwa Kotile? Ningekaa tu. Ningekunja uso kidogo kama mtu aliyevunjiwa heshima, na habari ingeishia hapo. Ikra alikuwa amekaa, macho chini. Kabale alikuwa anakunja zile karatasi tatu kuziweka mfukoni, taratibu, kama mtu anayefunga mizigo ya marehemu.

Sikukaa.

"Mzee Kotile," nikasema, "mwache mtoto. Wewe kule Merti ulimuuliza aburu wako nini?"

"Hayo yanahusu nini?"

"Nilikuwa meza ya pili. Ulimuuliza nyasi aliziona ama aliambiwa. Ulimuuliza kama aliyaonja maji. Alipokosa jibu ukamrudisha bila hata chai. Je, ulimkosea heshima?"

"Malisho si mchezo, Dabasso! Aburu akinidanganya nazika ng'ombe."

"Basi hawa watoto nao wataishi kwa maneno ya watu, kama ng'ombe wako wanavyoishi kwa maneno ya aburu. Ya redio, ya simu, ya wanasiasa. Na ya watu kama mimi." "Simba wa pili nilimweka mimi. Wa tatu pia mimi, na kamba nikamfunga. Farhiya aliniambia niombe ruhusa, nikakataa. Mwalimu Mutwiri, Mwalimu Abdiwali, mmetukanana kwa ajili yangu."

Kisha Abdiwali akakohoa. "Mutwiri," akasema, "mimi nilikuita mwongo mpaka nikapoteza sauti. Juu ya kilima. Kwenye mvua."

"Mimi nilikuita mbaya zaidi," akasema Mutwiri, "ila nilisema kwa Kimeru, hukusikia."

Darasa likavunjika mbavu. Hata Kabale alifunika mdomo kwa zile karatasi, kisha akazikunjua tena na kuziweka mezani, zote tatu kwa mstari. "Hizi hatuzitupi," akawaambia wenzake. "Tukio moja, nakala tatu. Wiki ijayo kila shule ipate zote." Mutwiri alikuwa ameshatoa kalamu.

Mzee Kotile alikaa akizungusha fimbo yake. Mwisho akasimama. "Saa moja kwa wiki," akasema, "isizidi. Na wakiuliza, waanze na salamu." Alipofika mlangoni akamgeukia mjukuu wake. "Na mstari ule mweusi. Mimi sikuuona."

Nilidhani nimepona. Ikra akanyoosha mkono tena.

"Salaam aleikum, Abuya. Wa pili na wa tatu umesema ni wako. Na yule wa kwanza?"

"Kengele imelia," nikasema.

Jumamosi hakuna kengele. Walinicheka mpaka nikafika kwenye gari.

Jumanne, 27 Mei

Merti. Debe limejaa mpaka kifuniko hakifungi. Nimelifunga kwa kamba ya mbuzi. Walimu wawili wengine wa huku wanataka kuingia kwenye ushirika. Abdiwali amewaambia watafute kwanza cheti cha uaminifu kutoka kwangu. Kijana huyu ana ulimi. Nimeanza kumpenda.

Kabale amenikabidhi tena flashi. Aliiweka tu kiganjani mwangu akanifunga vidole. Farhiya alipochapisha nilisimama mbali na mashine, mikono nyuma kama mtu aliyekamatwa.

Alhamisi, 29 Mei

Kinna. Watoto wa Mutwiri walinizunguka wakiniita Simba Watatu. Nimepewa mapapai mawili. (Mawili kweli. Mutwiri ni shahidi.)

Jumatatu, 2 Juni

Mvua zimekatika. Vumbi la kwanza.

Ijumaa, 6 Juni

Idd. Tumeswali, tumekula, nimesimulia hadithi mbili ambazo hazina mnyama yeyote ndani yake na watu walisinzia.

Alasiri Ikra aliletwa na nyanya yake na sahani ya nyama. Akanipa na karatasi iliyokunjwa. Ni ukurasa wa pili, ule wa maswali, mtupu. "Shule zote tatu zimejaza, Abuya," akasema. "Umebaki wewe. Si lazima." Akaondoka kabla sijamwambia chai inapoa.

Nimekaa nayo hapa chini ya turubai la gari. Maswali mengine nimeyajibu upesi. Linaweza kuwa kweli: mto kufurika, gari kuzama, mbuzi nyuma. Haliwezi: mlango, redio, kichwa na dashibodi. Faida ya msimuliaji: watu humwita Abuya, na humwekea nafasi ya kukaa.

Limebaki lile moja. Msimuliaji aliona, ama alisikia?

Nimeandika "aliona." Nimefuta. Nimeandika "aliona" tena, karatasi ikatoboka kidogo.

Mbuzi walinyamaza wote kwa pamoja, hilo ni kweli. Kitu kilipumua karibu na kioo, na kioo kikapata ukungu, huo niliukuta baadaye. Na asubuhi mbuzi mmoja hakuwepo. Lakini kama alikuwa simba, ama fisi, ama ng'ombe wa watu aliyepotea, mimi siwezi kumwambia Ikra wala mtu mwingine. Nimeandika "alisikia." Nilikuwa nimelala chini ya usukani, shuka kichwani, nimefumba macho.